Spea za Kwenda kwa Mama

Jumapili, 24 Agosti. Kibwezi.

Dada yangu Kaveke alirudi jana kutoka Kitui, alikokwenda kupimwa macho. Leo baada ya ibada amenieleza alichoambiwa na daktari. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linafuata. Matone yatalichelewesha tu, hayatarudisha kilichopotea, na huenda kufikia Krismasi asiweze kumtambua mtu aliyeketi naye meza moja. Aliyasema haya huku akichagua pojo kwenye ungo, zaidi kwa vidole kuliko kwa macho. Kisha akasema, "Munyao, nataka kumwona mama kabla sijaingia gizani."

Mama yetu alizikwa ng'ambo ya mto Tiva mwaka wa 1960. Kaveke alikuwa na miaka kumi na sita, mimi minane. Mwaka uliofuata njaa ilituondoa. Baba alituleta huku Makueni akisema tungerudi mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha, baba akafa, na miaka mingi baadaye nchi ile ikatengwa kwa wanyama. Hakuna aliyetufukuza kwa rungu. Tuliondoka kwa miguu yetu wenyewe, na mlango ukajifunga nyuma yetu polepole, bila kelele.

Kaveke ndiye aliyenilea. Alisuka viondo ili mimi nisome. Kila kitabu nilichowahi kufungua kilipitia kwanza kwenye vidole vile. Nilimjibu ndiyo kabla sijajua nitafanyaje.

Jumatatu, 25 Agosti

Mtu pekee ninayemjua mwenye gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne ni Kiilu, fundi mwenye gereji nyuma ya soko. Sijawahi kumpenda sana. Anaongea mno, anafuta mikono kwenye suruali, na gereji yake nzima haina karatasi hata moja.

"Mzee, hilo gari limefika mahali ambapo punda alikataa," aliniambia.

"Likarudi?"

"Si unaniona hapa?"

Nilimweleza habari ya macho ya Kaveke. Alinyamaza, jambo ninaloliandika hapa kwa sababu ni la kwanza. Kisha akasema, "Mafuta yako, gari langu. Tutampeleka mama kwa mama yake."

Alhamisi, 4 Septemba

Ofisi ya hifadhi imetujibu. Ruhusa ni ya siku tatu, tarehe 21 hadi 23 Oktoba. Baada ya hapo njia inafungwa kwa ajili ya mvua. Nilimshukuru karani mara mbili, akadhani namdhihaki.

Jumamosi, 6 Septemba

Kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa mtunza stoo wa mradi wa visima. Nilipeleka spea kwenye mitambo iliyokwama mahali pasipo na duka wala njia, na katika kazi ile nilijifunza kanuni moja. Hubebi kitu kwa sababu kinaweza kuvunjika, maana kila kitu kinaweza kuvunjika. Unabeba kile ambacho kikivunjika kitakusimamisha, na ambacho huwezi kukifunga kwa waya.

Basi leo nimeketi na kalamu. Mikanda ya feni, miwili. Hosi za rejeta, ya juu na ya chini. Filta za dizeli mbili, maana dizeli ya pipa huwa na uchafu. Jani kuu la springi na bolti yake ya kati, kwa sababu ya mawimbi ya barabara. Beringi za magurudumu ya mbele, sili zake na mkebe wa grisi. Tyubu mbili, viraka na pampu ya mkono. Kipande cha ubao mnene, kwa kuwa jeki isiyo na ubao kwenye mchanga hujichimbia kaburi. Sabuni ya mche ya kuzibia tangi likitoboka. Klachi sibebi: ni nzito, na kuibadilisha kunataka siku mbili ambazo hatuna. Milango, taa na vioo, vikivunjika tutafika navyo vikiwa vimevunjika.

Nimelala mchana vizuri kuliko miezi mingi iliyopita.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilimpelekea Kiilu orodha. Nilimsomea, kwa kuwa miwani yake huwa imepotea kila ninapokuja na maandishi.

"Unaenda kufungua duka huko, mzee? Utawauzia nani, swara?"

"Ni kilo mia moja na kumi, bila maji."

"Na maji?"

"Maji lita themanini. Kilo themanini."

"Na sisi watu watatu, na dizeli ya akiba, na matairi mawili. Kwa lami sawa. Kwa mchanga wa Tiva utakuwa umepakia mazishi ya gari."

Tulibishana hadi saa sita. Alinipunguzia tairi moja na hosi moja. Mimi nilimkatalia kupunguza maji.

Jumatano, 10 Septemba

Jua. Upepo wenye vumbi.

Ijumaa, 12 Septemba

Duka la spea la Wangechi liko kando ya barabara ya Mombasa. Wazazi wake walitoka Nyeri, yeye amezaliwa hapahapa, na Kikamba chake ni cha kasi kuliko changu. Nilimsomea namba za beringi kutoka kwenye kitabu cha spea cha gari la aina hiyo na mwaka huo, kama ulivyoandikwa kwenye logibuku, kile kitabu cha usajili. Hakugusa rafu.

"Umekuja na sampuli, baba?"

Hapa kwetu ndivyo watu wanavyonunua spea. Unaleta ile ya zamani, ikiwa na grisi na yote, unaiweka juu ya kaunta, naye muuzaji anaitafutia ndugu yake. Nilimwambia kwamba nilinunua spea kwa namba miaka ishirini na tisa.

"Magari ya mradi yalikuja yakiwa mapya, baba. La Kiilu nalijua. Lile ni kama ukoo, kila mtu alikuja kwa ndoa."

"Namba ni namba."

"Sawa. Lakini nenda mfungue gurudumu moja kwanza."

Nilihisi ananifundisha kazi yangu. Nilichukua beringi nilizozitaja, nikaaga kwa adabu iliyopita kiasi, nikatoka.

Jumapili, 21 Septemba

Mchungaji aliliombea gari baada ya ibada. Kiilu alifungua boneti ili maombi yaingie vizuri.

Jumamosi, 27 Septemba

Mawingu saa nane mchana. Saa kumi yaliondoka.

Jumanne, 30 Septemba

Kaveke ameleta mizigo yake: blanketi, kiti kidogo cha miguu mitatu na kilo tatu za muthokoi kavu. Nilimweleza kwamba mahindi yale yaliyokobolewa yanataka saa mbili motoni na lita nne za maji, ilhali mchele unataka dakika ishirini.

"Sijakaa miaka sitini na mitano niende kwa mama kula mchele," alisema.

Nimeiongeza muthokoi kwenye orodha, kati ya filta na grisi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mawingu tena. Majirani wameanza kupanda kwenye vumbi, kama inavyopasa, mbegu ziingoje mvua ardhini. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuomba mvua ichelewe. Sikuomba kwa sauti.

Jumatano, 15 Oktoba

Niandike hili lote bila kujitetea.

Leo Kiilu alifungua gurudumu la mbele la kulia ili kulipaka grisi kabla ya safari. Nilikuwa nimesimama kando, orodha mkononi. Alitoa beringi ya zamani, akaipangusa kwenye suruali yake, akaiweka karibu na ile mpya niliyonunua kwa namba. Ile mpya ilikuwa ndogo. Haikuhitaji rula, hata Kaveke angeona.

"Ekseli hii si ya gari hili," Kiilu alisema. "Niliitoa kwenye gari lililoanguka kule Mwingi, miaka sita sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mzee. Ulikuwa unanisomea."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Siku arobaini nilibeba kitabu, na siku zote hizo gari lilikuwa mita mbili kutoka kwenye miguu yangu, na mtu aliyelijua alikuwa anaongea, nami nikawa nahesabu maneno yake kuwa kelele. Beringi ya zamani bado ina uhai, Kiilu anasema, lakini hawezi kuapa. Ikifa ng'ambo ya Ikutha, mji wa mwisho njiani, bila nyingine mkononi, tutatembea. Kaveke hawezi kutembea.

Niliifunga beringi ya zamani kwenye gazeti nikaenda kwa Wangechi. Njiani nilitayarisha maneno ya kuomba radhi, yakanipotea mlangoni. Niliiweka tu juu ya kaunta.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaizungusha karibu na sikio lake, akasoma namba iliyochakaa ukingoni. "Hii sina. Na hapa Kibwezi hakuna." Kisha akachukua simu. Alipiga Emali. Alipiga Wote. Alipiga Kitui kwa maduka matatu. Kila mara alianza kwa kuuliza habari za watoto, na kila mara nilitaka kumnyang'anya simu. Saa kumi na moja alimpata mtu Mwingi mwenye moja, ya gurudumu moja tu.

"Italetwa na basi hadi Kitui, na kutoka Kitui nitaongea na dereva ninayemwamini," alisema. "Jumamosi, Mungu akipenda. Ni ya ile safari ya kwa mama yako, sivyo? Kiilu aliniambia."

Nilimwambia samahani. Akasema, "Kaa kwanza unywe chai, baba. Umesimama tangu uingie."

Jumamosi, 18 Oktoba

Dereva hakuja na kitu. Ngurumo mbali, upande wa Kitui.

Jumapili, 19 Oktoba

Wangechi alitoka kanisani kwake mapema, akaja mwenyewe hadi mlangoni kwangu na kifurushi. Beringi ilikuwa imebaki Kitui chini ya kiti cha mtu, naye alimsumbua kila mtu kwa simu tangu jana mchana. Ni ya kweli. Inaingia. Tunayo moja ya akiba. Magurudumu ya mbele ni mawili.

Jumanne, 21 Oktoba. Karibu na Tiva.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Ikutha tulifika saa moja na nusu, tukanywa chai, tukajaza dizeli. Kaveke aliketi mbele kando ya Kiilu, nami nyuma na mizigo. Kiilu alimwelezea kila kitu kinachopita: "Hapa mbuzi, mama, wengi, na mmoja mkaidi. Hapa kilima chenye kichwa kama cha chifu wetu." Mwezi mmoja uliopita ningesema anapiga domo. Leo nilielewa kwamba alikuwa anamwazima macho.

Kilomita ishirini na sita baada ya Ikutha, gurudumu la mbele la kushoto lilianza kusaga kama kinu chenye kokoto. Kiilu alisimama palepale. Beringi ilikuwa imepasuka. Si ile ya kulia tuliyoiogopa, ni ya kushoto. Ubao, jeki, grisi, sili. Nilimpa kila kifaa kabla hajakiomba, na kwa saa mbili na dakika arobaini hatukubishana hata mara moja. Beringi ya Mwingi ilikaa mahali pake. Kiilu alimrushia Wangechi busu hewani, upande wa Kibwezi.

Sasa hatuna nyingine.

Jioni tumefika ukingoni mwa Tiva. Mto umekauka, mchanga mtupu, hatua mia moja na kumi kutoka ukingo hadi ukingo, nimezihesabu. Kwa mbali kaskazini-magharibi, mto unakotoka, mawingu meusi. Muthokoi ilichukua saa mbili na nusu. Ilikuwa tamu sana.

Jumatano, 22 Oktoba. Ukingoni, jioni.

Asubuhi mawingu yalikuwa yameongezeka. Kiilu alilielekeza gari mchangani saa kumi na mbili na nusu. Lilikwenda hatua thelathini, likazama hadi ekseli. Tulichimba, tukaweka ubao, tukalirudisha nyuma. Ilitugharimu saa moja na nusu, na lita tisa za maji ya kunywa. Kiilu aliketi chini, mgongo kwenye tairi.

"Na stata imeanza kukataa kuwasha," alisema. "Tukivuka, ng'ambo sizimi injini."

Nikasema turudi. Nililisema waziwazi: beringi ya akiba hatuna, stata inakataa, na mvua ikinyesha huko juu mto utashuka nyuma yetu, nasi tutakuwa watu watatu upande wa wanyama na maji ya siku mbili. Hesabu yangu haikuwa na kosa.

Kaveke alikuwa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, uso umeelekea ng'ambo. "Hesabu ni sawa," alisema. "Lakini tukirudi mwaka ujao, nitakuja kuona nini?"

Mto ule ulikuwa mpana mno kwa mzee wa miaka themanini na moja, na mwembamba mno kuwa sababu ya kurudi.

Nilifungua mlango wa nyuma nikaanza kushusha. Jani la springi. Filta. Hosi. Tairi. Tyubu, pampu, dizeli ya akiba, mitungi ya maji mitatu. Nilivipanga chini ya mgunga kwa safu, kama stoo, kwa sababu sijui namna nyingine ya kuweka kitu chini. Kiilu alinitazama nilipofika kwenye jeki. Niliishusha pia. Tulibaki na jembe na mtungi mmoja.

"Sasa duka limefungwa," alisema, akapunguza upepo wa matairi hadi yakalala kama miguu ya ngamia.

Gari lilipita. Katikati liliyumba, Kiilu akalisemesha kwa Kikamba maneno ambayo mchungaji hakuyaombea, likapita.

Ng'ambo hapakuwa na njia, palikuwa na Kaveke. "Weka kile kilima bega la kulia. Sasa shuka kidogo. Kuna mwamba mpana." Nilikuwa nimeisoma ramani ya eneo hili mara nyingi, wala haina jina lolote pale. Kilomita nne kutoka mtoni tuliuona mwamba, na katikati yake mashimo mawili yanayoshika maji ya mvua. Kaveke aliinua mkono na Kiilu akasimama.

Rundo la mawe liko hatua ishirini kutoka mwambani, upande wa jua linapochomoza. Limetawanyika kidogo, nyasi kavu zimelipita. Kaveke alishuka nikamshika kiwiko. Alisimama mbali kidogo akainamisha kichwa upande wa kulia, ili jicho lenye nuru litangulie. Alitazama muda mrefu.

"Ni yeye," alisema. "Naona."

Aliketi chini, hakutaka kiti. Alianza kung'oa nyasi, na huku aking'oa akamwambia mama habari. Injini ilikuwa inaunguruma nyuma yetu na sauti ya Kaveke ni ndogo siku hizi, kwa hiyo ilimbidi akaze koo kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Injini ikanyamaza.

Niligeuka. Kiilu alikuwa ameketi kwenye usukani, mikono juu ya magoti, ametazama kwingine. Yeye ndiye aliyesema hazimi. Mawingu alikuwa anayaona kama mimi.

Katika kimya kile Kaveke aliongea kwa sauti yake ya kawaida. Alimtajia mama watoto wake saba, na wanangu wanne, na wajukuu, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na nilipotaka kumsaidia jina moja alinisahihisha. Alimwambia mahali baba alipolala. Alimwambia kwamba mimi nilisoma nikapewa stoo yenye funguo kumi na mbili. Halafu akanigeukia: "Njoo umsalimie. Wewe ulikuwa mdogo, ulilala siku ile nzima."

Sikuwa nimetayarisha chochote. Nilisema, "Mwaitu, nimekuja." Ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu, na neno hilo sikuwa nimelitumia kwa mtu yeyote tangu mwaka wa 1960. Lilitoka kama la mtoto.

Tulikaa dakika hamsini. Stata ilikubali mara ya tano. Mara ya nne niliona Kiilu amefumba macho.

Mto tulivuka salama. Nyani walikuwa wamefika stoo yangu kabla yetu, na mkanda mmoja wa feni unaning'inia juu ya mgunga. Tumeuacha.

Ijumaa, 24 Oktoba. Kibwezi.

Tulifika jana adhuhuri. Leo askari wa hifadhi amempigia Kiilu: Tiva imejaa maji tangu jana usiku, ukingo hadi ukingo.

Nilimpelekea Wangechi beringi iliyopasuka aione, na shukrani zangu. Aliiweka kwenye rafu ya juu, karibu na picha ya wazazi wake. Kaveke amemsukia kiondo. Kina kosa moja la rangi, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayelitaja.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Kiilu alikuja kunywa chai, akakaa hadi adhuhuri. Aliongea muda wote. Sikutazama saa.

Jumapili, 9 Novemba

Mahindi yameota. Kaveke aliyajua kwa harufu kabla sijamwambia. Jicho la kulia sasa linaona mwanga wa dirisha na umbo la mtu akisimama hapo, zaidi ya hayo hapana. Hanung'uniki. Nilimwuliza kama anajuta kutonunuliwa matone mapema, akasema anamshukuru Mungu kwa mpangilio: alichotaka kuona mwisho, amekiona mwisho.

Mchana, mvua ikipiga bati, aliniomba niandike njia ya kwenda kwa mama, kwa ajili ya wajukuu, maana siku moja yeye na mimi tutakuwa tumekwisha. Nilifurahi kupewa kazi ile. Niliandika kilomita kutoka Ikutha, mahali pa kuvukia, na upepo wa matairi. Nikamsomea: baada ya kuvuka, weka kilima bega la kulia, kisha shika kulia penye migunga miwili.

"Si kulia," alisema. "Kushoto. Ukishika kulia utafika kwa akina Kilonzo, na mama Kilonzo hamwachi mtu apite bila kula. Utachelewa."

Kule hatukuona nyumba. Hatukuona hata jiwe la jiko. Nilimtazama dada yangu, amegeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, anangoja kusikia kalamu.

Nilifuta, nikaandika kushoto. Kisha chini yake nikaongeza: kulia ni kwa akina Kilonzo.